Upanga Huu ni wa Chuma Gani?

Mtu akionyeshwa upanga wa Kijapani kwa mara ya kwanza, huuliza una miaka mingapi. Akishajibiwa, swali linalofuata karibu kila mara ni hili: umefuliwa kwa chuma gani? Huulizwa kwenye majumba ya makumbusho, huulizwa kwenye minada, na huulizwa na vijana walioujua upanga huu kupitia filamu na michezo ya kompyuta. Mwenye upanga naye hujibu bila wasiwasi: “Imeandikwa humo humo.”

Zipo kweli panga zilizoandikwa. Mhunzi alishika tindo na nyundo akachonga kwamba upanga huu ni wa chuma cha ng’ambo, au ni wa mzinga wa meli ya vita. Sura hii inahusu maandishi ya aina hiyo: yako wapi, yanasomwaje, na yaaminiwe kwa kiasi gani. Niseme mapema ninakoelekea. Maandishi ya chuma si cheti cha maabara. Mhunzi hakuyachonga ili mtu wa karne ya 21 ajue kilichomo ndani ya upanga wake. Aliyachonga kwa sababu mteja wa siku zile alitaka kuyaona hapo. Kwa hiyo yanatueleza mengi kuhusu mteja na zama zake kuliko yanavyotueleza kuhusu chuma chenyewe.

Maandishi yanakojificha

Upanga wa Kijapani hauandikwi mahali pa kuonekana. Maandishi yako kwenye msuka, yaani ile sehemu ya chuma isiyonolewa inayozama ndani ya mpini. Ukitaka kuyaona, sharti uuvue upanga. Kwenye mpini kuna kijiti kidogo cha mwanzi kilichopita upande hadi upande kupitia tundu la msuka, na kijiti hicho ndicho kinachoushikilia upanga wote. Unakisukuma kitoke. Unausimamisha upanga ncha ikiwa juu, mkono wa kushoto ukishika mwisho wa mpini, kisha kwa ngumi ya kulia unagonga polepole kifundo cha mkono huo wa kushoto. Kila ukigonga, upanga unalegea kidogo, mpaka unatoka.

Msuka ukitoka, mgeni huvunjika moyo. Upanga wenyewe unameremeta, lakini msuka ni mweusi kwa kutu, una mistari ya tupa iliyopigwa kwa mshazari, na katikati kuna herufi zilizojipanga kutoka juu kwenda chini. Wajapani huyaita maandishi hayo *mei*. Kwa kawaida upande mmoja hutaja jimbo la mhunzi, cheo chake kama alikuwa nacho, na jina lake. Upande wa pili, ikiwa umeandikwa, hutaja tarehe kwa jina la enzi ya utawala, mwaka na mwezi. Hata hiyo tarehe isikuhangaishe sana. Panga nyingi mno zimeandikwa mwezi wa pili au wa nane, kana kwamba wahunzi walilala miezi mingine yote. Ilikuwa desturi tu ya kuandika.

Jimbo, cheo, jina, tarehe. Juu ya chuma, kwenye panga zilizo nyingi, hakuna hata herufi moja.

Kwa nini wengi walinyamaza

Chuma cha upanga wa Kijapani kwa desturi hutoka kwenye mchanga. Huo ni mchanga wa chuma, chembe nyeusi zinazopatikana milimani na mitoni, hasa katika eneo la Izumo ambalo leo liko ndani ya mkoa wa Shimane. Mchanga huo huyeyushwa kwa makaa ya mti ndani ya tanuri la udongo liitwalo *tatara*, linalopulizwa kwa mivukuto siku tatu mchana na usiku. Mwisho wake tanuri huvunjwa, kwa kuwa hujengwa kwa kutumika mara moja tu, na ndani huonekana bonge kubwa la chuma lililochanganyika na mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki baada ya kuyeyusha. Kwa mkupuo mmoja, takriban tani 10 za mchanga na tani 12 za makaa hutoa bonge la tani 2 na nusu hivi, na kinachofaa kwa panga bora hakifiki tani moja.

Sehemu hiyo iliyo bora huitwa *tamahagane*. Ni feleji, yaani chuma kilichonyonya kiasi cha kaboni kutoka kwenye makaa na kwa hiyo kinaweza kuwa kigumu kikitoswa majini kingali cha moto. Kaboni ikipungua sana, upanga unapinda; ikizidi, unakatika. Mhunzi huikunja feleji na kuifua, akaikunja tena na kuifua tena, ili kaboni isambae sawasawa na taka zitoke.

Wakati wa vita vya karne ya 15 na ya 16, mhunzi alitumia chuma kilichopatikana karibu naye, na kila aliyenunua alijua hivyo. Hapakuwa na cha kutangaza. Mambo yalibadilika ukoo wa Tokugawa uliposhika nchi mwaka 1603. Vita vikatulia na barabara zikawa salama. Wahunzi wakahamia kwenye miji iliyokua chini ya ngome za mabwana wao, na feleji ikawa bidhaa ya kusafirishwa nchi nzima. Mhunzi wa Edo, jiji tunaloliita leo Tokyo, na mhunzi wa Osaka sasa waliweza kununua feleji inayofanana. Hapo ndipo asili ya chuma ilipoanza kuwa jambo la kutajwa.

Anayenunua chakula katika masoko ya Dar es Salaam anaijua hali hii. Huko Kyela kwenyewe hakuna haja ya kuandika kwenye gunia kwamba mchele huu ni wa Kyela. Maandishi hayo huanza kuwa na maana gunia likishafika mjini, mahali penye michele ya kila aina, na mnunuzi aliye tayari kuongeza bei kwa ajili ya jina. Kwamba kila gunia lililoandikwa hivyo limetoka Kyela kweli, hilo ni suala jingine, na muuzaji halipendi.

Chuma cha meli za kusini

Maandishi ya chuma yaliyo mashuhuri kuliko yote ni ya Yasutsugu wa kwanza, mhunzi aliyefariki mwaka 1621. Kwenye msuka wa baadhi ya panga zake mna herufi zinazosomwa hivi: *Motte nanban tetsu oite Bushū Edo Echizen Yasutsugu*. Tuzipitie kipande kwa kipande.

*Motte* maana yake ni “kwa kutumia”. *Nanban tetsu* ni chuma cha nanban, nitakieleza punde. *Oite Bushū Edo* ni “mahali: Edo, jimbo la Musashi”. *Echizen Yasutsugu* ni jina la mhunzi pamoja na jimbo alikokuwa na makao yake ya awali. Yote kwa pamoja: Yasutsugu wa Echizen ameufanya upanga huu mjini Edo kwa chuma cha nanban.

Nanban lilikuwa jina la dharau, washenzi wa kusini. Walikusudiwa Wareno na Wazungu wengine waliofika Japani kwa meli zilizotokea pande za kusini. Wareno wa kwanza walitua kisiwani Tanegashima mwaka 1543, na kuanzia 1571 Nagasaki ikawa bandari ya biashara yao. Ni Wareno wale wale ambao mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Njia yao kutoka Ulaya hadi Goa, kisha Macau, kisha Nagasaki, ilizunguka pwani ya Afrika. Kwa hiyo nanban tetsu ni chuma kilicholetwa na meli hizo. Jina halisemi kilichimbwa wapi. Linasema kililetwa na nani.

Tofauti hiyo watu wengi huivuka bila kuiona. Mtu husoma “chuma cha washenzi wa kusini”, akaona Wareno, akahitimisha kwamba upanga ni wa chuma cha Ureno. Lakini merikebu iliyopita Goa na Macau ilipakia mali ya kila bandari ilikotia nanga. Biashara ya chuma katika Bahari ya Hindi ilikuwapo karne nyingi kabla ya Mreno. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi, akiwa Sicily, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kupata faida yao kubwa humo, na kwamba chuma cha Sofala kilinunuliwa na wafanyabiashara waliokipeleka India. Sisemi kwamba upanga wa Yasutsugu una chuma cha Malindi. Kati ya habari hizo mbili kuna zaidi ya miaka 400. Nasema tu kwamba chuma kilisafiri mbali katika bahari hii, na kilibadilisha jina kila kilipobadilisha jahazi.

Basi kwa nini Yasutsugu alijisumbua kuchonga maneno hayo? Tumtazame mteja wake. Alikuwa akimtumikia Yūki Hideyasu, mtoto wa Tokugawa Ieyasu, ndipo akaitwa Edo kumfulia Ieyasu mwenyewe na mrithi wake Hidetada. Ieyasu alimpa herufi moja ya jina lake, ile ya *yasu*, na ruhusa ya kuchonga nembo ya ukoo wa Tokugawa, majani matatu ya mmea wa *aoi*, juu ya msuka. Hebu uwaze msuka huo: nembo ya mtawala juu, jina lenye herufi ya mtawala chini, na katikati habari kwamba chuma kimevuka bahari. Wakati ule bidhaa za meli za nanban, kuanzia bunduki hadi miwani na nguo, zilikuwa gumzo la wakubwa. Chuma cha mbali kilimfaa bwana mkubwa.

Je, kilikuwa chuma bora kuliko cha nyumbani? Wapenzi wa panga wamebishana kuhusu jambo hili kwa muda mrefu. Kwa maoni yangu swali limewekwa vibaya. Chuma cha nanban kilikuwa malighafi, na mhunzi alikitumia pamoja na feleji ya Kijapani kwa kadiri alivyoona. Maandishi hayatoi kipimo. Upanga wenye robo ya chuma cha meli na upanga wenye chuma cha meli kitupu zingeweza kuandikwa maneno yale yale. Wajuzi husema kwamba panga za Yasutsugu zina weusi fulani kwenye ubapa, lakini weusi wa namna hiyo huonekana pia kwenye panga nyingine za majimbo ya kaskazini, Echizen ikiwa mojawapo, ambazo misuka yake haitaji meli yoyote.

Baada ya Yasutsugu wa kwanza kufa, waliorithi jina lake waliendelea kuchonga nembo ile na maneno yale. Wareno walifukuzwa Japani mwaka 1639, na kuanzia 1641 Waholanzi wakabanwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki. Chuma cha ng’ambo hakikukoma, ila mlango ulikuwa umekuwa mwembamba. Kufikia hapo maneno ya chuma yalikuwa yamegeuka kuwa alama ya nyumba ile.

*Kwa ufupi hadi hapa:* kutotajwa kwa chuma ndiyo hali ya kawaida. Chuma kikitajwa, ujue kilikuwa nje ya kawaida na mteja alikithamini. Jina “nanban tetsu” linataja njia ya biashara, halitaji mgodi wala kiasi.

Kimondo na mzinga

Kadiri miaka ilivyosonga, maandishi na masimulizi ya chuma yalizidi kuwa ya ajabu.

Mwaka 1890 kilipatikana kimondo cha chuma huko Toyama. Kikafika mikononi mwa Enomoto Takeaki, waziri ambaye miaka ya nyuma, alipokuwa balozi Urusi, alikuwa ameonyeshwa upanga wa mfalme uliofuliwa kwa chuma cha kimondo. Mwaka 1898 mhunzi Okayoshi Kunimune alimfulia panga kutoka kwenye jiwe hilo, na mmojawapo akapewa mwana mrithi wa mfalme, ambaye baadaye akawa Mfalme Taishō. Sharti lakini lijulikane hili: chuma cha kimondo kina kaboni ndogo mno na kikifuliwa peke yake kinabaki laini. Kunimune ilimbidi akichanganye na feleji ya Kijapani. Upanga wa nyota, ukiuangalia kwa jicho la fundi, ulipata makali yake kutoka kwenye mchanga wa ardhini.

Mzinga una kisa kinachonivutia zaidi. Meli ya vita *Mikasa* ndiyo aliyoipanda Admirali Tōgō Heihachirō alipozishinda meli za vita za Urusi moja baada ya nyingine huko Tsushima, Mei 1905. Baadaye bomba la mzinga wa *Mikasa* lilipelekwa kwenye kiwanda cha feleji cha Muroran, Hokkaido, na wahunzi wa hapo, akiwamo Horii Hideaki, aliyejulikana baadaye kama Toshihide, wakafua kwalo panga fupi. Kwenye msuka wa panga hizo mna maneno *Mikasa hōkō*, feleji ya mzinga wa Mikasa. Maofisa wa jeshi la majini walizithamini kama masalio matakatifu.

Sasa, *Mikasa* ilijengwa wapi? Barrow, Uingereza, na kampuni ya Vickers, na mizinga yake mikubwa ya awali ilikuwa ya kiwanda cha Armstrong, pia cha Uingereza. Upanga uliofuliwa ili kuutukuza ushindi wa Japani kwa uwezekano mkubwa ni wa feleji ya Kiingereza, na mhunzi hakudanganya neno lolote. Aliandika mzinga ulipigana katika meli gani. Nani alimwaga feleji ya mzinga huo, hakuulizwa.

Herufi ile ile, kitu kingine

Mtego mkubwa kuliko yote umo kwenye panga za miaka ya 1939 hadi 1944. Nyingi kati ya zile zilizochukuliwa na askari wa Marekani, Uingereza na Australia baada ya Vita vya Pili vya Dunia ziko leo kwenye makabati ya wajukuu wao, na wajukuu ndio wanaouliza. Msuka una maneno *Kōa isshin Mantetsu kore o tsukuru*, na nyuma, kwa mfano, *Shōwa kanoe-tatsu haru*, yaani majira ya kuchipua ya mwaka 1940 kwa kalenda ya mzunguko wa miaka 60.

Msomaji aliyekwisha kujifunza kwamba *tetsu* ni chuma, na kwamba *Man* ni Manchuria, hufurahi: “chuma cha Manchuria!” Herufi ni ile ile ya nanban tetsu. Lakini hapa Mantetsu ni kifupisho cha jina la kampuni, Reli ya Manchuria Kusini, iliyoundwa mwaka 1906. Kwa Kijapani reli ni “njia ya chuma”, na herufi iliyobaki kwenye kifupisho ndiyo hiyo ya chuma. Maana halisi ya maandishi ni: kuinua Asia kwa moyo mmoja, Mantetsu imeutengeneza huu. Ni kaulimbiu ya siasa ya vita pamoja na jina la kampuni ya treni.

Mzaha wa jambo hili ni kwamba aliyekosea kusoma hakukosea chuma. Feleji ya panga hizo ilitoka kweli Manchuria, na zilitengenezwa kwenye karakana za reli huko Dalian kwa mashine: kiini cha chuma laini kilichomekwa ndani ya bomba la feleji ngumu, kisha vyote vikafuliwa pamoja. Zilikusudiwa kustahimili baridi ya kaskazini ambayo ingeukatisha upanga mgumu kupita kiasi. Lakini ukweli huo tumeujua kutoka kwenye historia ya kampuni. Msuka hausemi.

Wakati huo huo ukaanza usemi mwingine wa chuma usio na herufi ndefu: mihuri. Nyota ndogo iliyogongwa kwenye msuka ilikuwa ya jeshi la nchi kavu, na mhunzi aliyekuwa chini ya utaratibu wa jeshi hilo alipewa mgawo wa tamahagane na makaa ili afue kwa njia ya kale. Mihuri ya herufi ya *Shō* na *Seki* huonekana kwenye panga za viwandani, nyingi za feleji ya kawaida iliyozimwa kwa mafuta badala ya maji. Jeshi la majini nalo lilitengeneza panga za feleji isiyoshika kutu, jambo la busara kwa watu wa baharini. Muhuri wa milimita chache unaweza kukueleza habari za chuma vizuri kuliko mstari mzima wa maneno ya fahari.

Ukiwa na upanga mkononi

Mjuzi wa Kijapani husoma msuka mwisho. Kwanza huutazama umbo la upanga, kisha chembe za chuma kwenye ubapa, kisha ule mstari wa weupe kando ya makali unaotokana na kutoswa majini. Akishakuwa na maoni yake ndipo hufungua mpini kuangalia kama maandishi yanakubaliana naye. Sababu ni ya kawaida kabisa: sahihi za kughushi ni nyingi, na jina kubwa likiwa na maneno ya chuma cha ng’ambo hupandisha bei maradufu. Asiye mjuzi anaweza walau kujiuliza haya:

- Je, mhunzi anayetajwa alifanya kazi katika zama ambazo chuma hicho kilipatikana? “Nanban tetsu” kwenye upanga unaodaiwa kuwa wa mwaka 1400 haihitaji mjadala.
- Je, kutu iliyo ndani ya mikwaruzo ya tindo inafanana na kutu ya pembeni? Kutu nyekundu ndani ya herufi, katikati ya msuka mweusi, ni habari mbaya.
- Je, maandishi yanataja asili ya chuma, aliyekileta, au aliyeutengeneza upanga?
- Je, kuna muhuri? Huenda upo chini ya kutu, karibu na tundu la kijiti.

Wahunzi wa leo nao wameturudisha karibu na pale tulipoanzia. Tangu 1977 shirika la kuhifadhi sanaa ya panga la Japani huwasha tatara huko Okuizumo, Shimane, kila majira ya baridi, na tamahagane yake hugawiwa wahunzi wenye leseni nchi nzima. Sheria inamruhusu kila mmoja kufua panga ndefu mbili tu kwa mwezi. Kwa kuwa karibu wote wanatumia feleji hiyo hiyo, wengi hawaandiki chochote kuihusu. Anayeyeyusha mchanga wake mwenyewe, kama alivyofanya marehemu Amata Akitsugu, aliyetambuliwa na serikali mwaka 1997 kuwa hazina hai ya taifa, ndiye mwenye jambo la kueleza.

Na la mwisho, kwa aliyerithi upanga na anasubiri kupata wa kumsomea. Usiusugue msuka. Usiutie siki, wala limau, wala msasa ili herufi zionekane vizuri. Piga picha kwenye mwanga wa jua la pembeni. Herufi zitajitokeza kwa vivuli vyake. Kutu ile nyeusi ndicho kipimo cha umri ambacho mjuzi atakitafuta, na ukiiondoa, hata maandishi ya kweli yatakosa shahidi.